Walimu wasiogope safari za meli, ila wahesabu kwanza

Juma lililopita mjadala mkali ulizuka katika chumba chetu cha walimu. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa busara yake, alishikilia kwamba mwalimu wa Kenya anayezungumzia safari ya starehe ya meli katika bahari ya Mediterania ameacha kufunza na kuanza kuota. Mambo hayo, alisema, ni ya Wazungu wastaafu na matajiri wasiojua la kufanya na fedha zao. Wengi walicheka na kumuunga mkono. Mimi sikucheka, kwani nimesafiri safari hizo mara mbili kwa mshahara uu huu wa ualimu, na ninayo ya kusema.

Kama mwalimu wa Historia, sina budi kuanza kwa kukumbusha kwamba meli si jambo geni kwetu. MV Liemba, iliyowavusha wasafiri katika Ziwa Tanganyika vizazi na vizazi, iliundwa mwaka wa 1913 katika karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, na kuteremshwa ziwani mwaka wa 1915. Karakana iyo hiyo imeunda nyingi miongoni mwa meli kubwa za watalii zinazoelea duniani leo. Wakulima na wachuuzi wa dagaa wamelala kwenye sitaha ya Liemba, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanaota.

Lakini hayo ni ya pembeni. Hoja ya mwenzangu yenye uzito ni ile ya fedha, na ninakiri kwamba safari yangu ya kwanza, Agosti 2018, ilikaribia kuthibitisha maneno yake. Nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikasafiri na mama watoto hadi Barcelona, na huko tukapanda meli iliyokuwa itie nanga Marseille, Genoa, Civitavecchia na Naples kwa muda wa siku saba. Nauli ilinishangaza kwa urahisi wake. Ukiigawanya kwa siku, kitanda, chakula mara tatu na usafiri wenyewe vilikuwa na bei ya chini kuliko hoteli ya kawaida katika miji ile. Nilijiona mjanja.

Tulipopanda tulipewa kadi moja ndogo. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, na ndiyo pia mfuko wako wa fedha, kwa sababu melini humo hakuna anayepokea noti wala sarafu. Ukitaka soda, unatoa kadi. Ukipigwa picha ukiwa umevaa suti, unatoa kadi. Kadi haina uchungu, ndugu msomaji. Noti ikitoka mfukoni unaiona ikienda, bali kadi hurudishiwa mkononi ikiwa vile vile ilivyokuwa. Usiku wa mwisho, ankara ilipitishwa chini ya mlango. Nilikaa kitandani nikaisoma mara tatu. Kulikuwa na chupa za maji ambazo nilidhani ni za bure kwa kuwa ziliwekwa chumbani. Kulikuwa na matembezi mawili ya nchi kavu, kila moja kwa bei ambayo ingemlipia mwanafunzi wa kutwa vitabu vya mwaka mzima. Kulikuwa na bakshishi iliyokatwa kila siku bila mimi kuulizwa, kumbe ilikuwa imeandikwa katika masharti ambayo sikuyasoma. Ilinichukua miaka miwili kumaliza kulipa deni hilo, na kwa muda huo nililazimika kumwomba mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu avumilie karo kwa vipindi vitatu mfululizo. Aibu hiyo sijaisahau.

Wanafunzi wangu, nilipowasimulia, waliniuliza swali zuri: iweje nauli iwe rahisi na safari iwe ghali? Jibu limo katika vitabu vya hesabu vya kampuni zenyewe. Carnival, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ambayo mimi sikusafiri nayo, ilipata takriban dola bilioni 25 mwaka wa 2024. Zaidi ya bilioni 8 kati ya hizo hazikutokana na nauli bali na vinywaji, kamari, matembezi, maduka na mengineyo. Theluthi nzima! Nauli, basi, ni chambo, na ndoana imefichwa katika baa na maduka ya melini. Simlaumu mvuvi kwa kutafuta riziki yake, lakini samaki naye ana haki ya kuifahamu ndoana.

Safari ya pili tulikwenda mwanzoni mwa Desemba 2023, na hapa mwalimu wa Kenya ana bahati asiyoijua. Bei hupanda sana watoto wa Ulaya wanapofunga shule mwezi wa Julai na Agosti, na tena wiki ya Krismasi. Kati ya hapo, hasa Novemba na mapema Desemba, meli hutafuta abiria, na huo ndio wakati ambapo sisi tumefunga shule. Baridi ipo, ndiyo, lakini si ya kumshinda mtu aliyelelewa Limuru.

Mara hii hatukukopa. Tuliweka akiba kidogo kidogo kila mwezi, na mama watoto akashika daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika gharama ambazo matangazo ya meli hayazitaji kamwe: nauli ya ndege, viza ya Schengen (ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima), na bima ya afya isiyopungua euro 30,000 ambayo viza hiyo huidai. Aliniambia, "Baba watoto, kama ukurasa huu hautoshi kwenye akiba, hatuendi." Ningependa kila mwalimu asikie maneno hayo kabla ya kutia saini fomu ya mkopo. Ratiba pia aliichunguza, kwa maana meli ikitoka katika nchi za Schengen na kugusa Tunis, kwa mfano, mwenye viza ya kuingia mara moja hujipata taabani anaporejea.

Chumba tulichochagua kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ya chini kabisa. Je, kuna hasara gani? Bahari haiuzwi, na sitaha ni ya abiria wote. Maji tulikunywa mezani pa kujipakulia, ambako hayalipiwi. Simu tulizizima mtandao tangu meli ilipong'oa nanga, maana mawasiliano ya setilaiti baharini hula fedha hata ukiwa umelala. Bakshishi tuliihesabu mapema. Kwa kiwango cha euro 10 kwa kila mtu kwa siku, watu wawili kwa siku saba ni euro 140, na viwango vya kampuni nyingi huzidi hapo. Sikuona busara ya kuikwepa, kwani wanaotandika vitanda vile ni wafanyakazi kama sisi, wengi wao kutoka Ufilipino na Indonesia.

Akiba kubwa zaidi ilipatikana bandarini. Kutoka Civitavecchia tulipanda garimoshi la kawaida, na baada ya takriban saa moja tukashuka kituo cha San Pietro, Roma, hatua chache kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Petro, ambalo kuingia ni bure. Naples tulipanda garimoshi la Circumvesuviana hadi Pompei, mji uliofukiwa na volkano mwaka wa 79. Miaka ishirini nimekuwa nikiuchora mji huo ubaoni kwa chaki. Siku hiyo nilisimama katika barabara zake, nikaziona alama za magurudumu ya mikokoteni katika mawe, na nikashindwa kusema neno. Yapo mahadhari moja: anayetembea kwa miguu yake mwenyewe hasubiriwi na meli akichelewa. Sisi tulihakikisha tumerudi bandarini saa mbili kabla ya kuondoka.

Nilimweleza mwenzangu haya yote. Hakukubali kushindwa, ila jioni hiyo aliomba kuliona daftari. Nilimwonyesha pia ankara ya usiku wa mwisho, ambayo nimeihifadhi. Ina vitu viwili tu: bakshishi, na kahawa mbili za baa, ambazo mama watoto hadi leo ananidai maelezo yake.