Hesabu ya ada itangulie tiketi ya Dubai

MAVUNO yakishaingia ghalani na fedha kuonekana mkononi, mipango mingi ya familia zetu hutoka kwenye mazungumzo na kuwa safari. Mmojawapo ni wa kijana aliyepata ajira Dubai, akakaa huko mwaka au miwili, kisha akapiga simu kusema anataka kuwachukua mke na watoto. Nyumbani wanafurahi. Mjomba anachangia, shangazi anachangia, na mzee anauza magunia kadhaa ya mpunga ili tiketi zikamilike.

Hatuna ugomvi na safari hiyo. Mtoto kulelewa na baba na mama yake ni jambo la heri. Tunachouliza ni nani atalipa ada, kwa sababu swali hilo huachwa mpaka watoto wameshafika.

Tunaliuliza katika kurasa hizi za kilimo na biashara kwa kuwa jibu lake, likikosekana kule, hurudi shambani. Fedha iliyotarajiwa kutoka ughaibuni kuja kununua mbolea hugeuza njia, ikatoka kijijini kwenda kulipa shule ya Dubai. Familia ikifikia kuuza ekari mbili ili mjukuu asitolewe darasani, safari hiyo imeshageuka hasara, hata kama picha zinazotumwa kwenye simu ni nzuri.

Hapa kwetu mzazi amezoea kwamba shule ya serikali ipo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Michango haijaisha, sare na madaftari vinanunuliwa, lakini nafasi ya mtoto haitegemei mshahara wa baba. Falme za Kiarabu ni tofauti. Shule za serikali huko zimewekwa kwa ajili ya watoto wa raia na lugha yake kuu ni Kiarabu. Nafasi za wageni ni chache, zina masharti na zinalipiwa. Hivyo mgeni, awe mhandisi au mwenye duka dogo la mizigo pale Deira, karibu kila mara mtoto wake huenda shule ya binafsi.

Hapo ndipo sheria inapowachanganya wengi. Tangu mwaka 2019 mfanyakazi mgeni anaweza kuidhamini familia yake akiwa na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba ya mwajiri. Kijana akisikia hivyo huona mlango umefunguliwa. Kiwango hicho ni cha viza tu. Hakisemi lolote kuhusu shule.

Tuchukue mfano wa mwenye bahati zaidi, anayelipwa dirhamu 7,000, mwenye watoto wawili. Tuseme amepata shule ya bei nafuu, ada dirhamu 8,000 kwa mtoto kwa mwaka, basi la shule 4,000, sare na vitabu 1,000. Kwa watoto wawili jumla ni dirhamu 26,000, karibu 2,170 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya robo ya mshahara, kabla ya kodi ya nyumba, ambayo Dubai mara nyingi hudaiwa kwa hundi chache kubwa za mwaka mzima.

Sasa tuilete kwenye lugha yetu. Dirhamu moja tuihesabu shilingi 700, inakuwa shilingi milioni 18.2. Ukiuza gunia la mpunga kwa shilingi 80,000, hizo ni gunia 227 na zaidi. Kwa mavuno ya gunia 20 kwa ekari ni zaidi ya ekari 11, na hatujatoa gharama ya trekta, mbegu wala vibarua. Mkulima anayeahidi kwamba “tutasaidiana” na ajue anaahidi nini.

Aidha, dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1997, kwa kiwango cha 3.6725 kwa dola moja. Shilingi yetu ikishuka dhidi ya dola, ada ile ile inakuwa kubwa zaidi kwa anayelipa kutoka huku, bila shule kuongeza hata senti.

Mfano wetu umechukua shule nafuu, na hapa ndipo tunapotaka kuwa wakali kidogo. Dubai ina shule ambazo ada yake inapita dirhamu 100,000 kwa mwaka, na zipo za dirhamu elfu chache. Kwa kawaida zinazofuata mtaala wa Uingereza ndizo ghali, na zinazofuata mtaala wa India ndizo nafuu. Baba yule yule wa dirhamu 7,000 akiwapeleka watoto wawili kwenye shule ya dirhamu 30,000 kila mmoja, ada peke yake inakula zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Wanaofanya hivyo hawafuati hesabu, wanafuata jina. Shule za Kihindi zipo Dubai tangu miaka ya 1960, zinafundisha kwa Kiingereza, na maelfu ya familia za kipato cha kati zimesomesha humo. Kiarabu hufundishwa katika shule za binafsi za nchi hiyo pia, na mtoto Mwislamu hupata somo la dini. Kwa mzazi wa Kitanzania si bahati mbaya hata kidogo.

Ada hizo si siri. Mamlaka ya elimu ya Dubai, inayojulikana kwa kifupi KHDA, huchapisha ada za kila shule, darasa kwa darasa. Kijana anaweza kuzisoma kwenye simu yake jioni moja. Asiyezisoma hana haki ya kumwomba mzee auze mpunga.

Lipo pia suala la ushauri wa ndugu. Wapo wenzetu wenye jamaa Muscat, wenye asili ya Zanzibar, wanaosema shule huko ni bure. Wanasema kweli, ila ni kweli yao. Wao ni raia wa Oman. Wewe uliyekwenda kwa kibali cha kazi hesabu yako ni ya mgeni, kama ya Dubai. Uingereza ni kinyume: shule ya serikali ni bure kwa mtoto anayeishi huko na wazazi, lakini mwaka 2024 wanafunzi wengi na wafanyakazi wapya wa kutunza wazee walizuiwa kuja na familia. Kila nchi ina mlango wake na komeo lake.

Kwa Dubai, pa kupigania nafuu ni kwenye mkataba, kabla ya kutia saini. Posho ya elimu iandikwe kwa tarakimu, kwa kila mtoto, si neno la mdomo la meneja. Mwajiri akikataa, heri baba atangulie peke yake mwaka mzima, watoto wamalize darasa la saba au kidato cha nne nyumbani. Wanaofikiria kuwaacha wadogo bwenini wakumbuke kwamba mwaka 2023 serikali ilisitisha huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne. Atakayewalea ni bibi, na bibi naye atumiwe fedha ya kueleweka kila mwezi, si salamu.

Na watakaokwenda, wafungashe vitabu vya Kiswahili. Viza ya familia inategemea kazi ya mzazi. Kazi ikiisha, kama ilivyowatokea wengi mwaka 2020 wakati wa corona, mtoto anarudi katikati ya mwaka kwenye shule ya msingi inayofundisha karibu kila kitu kwa Kiswahili. Mkubwa aliyemaliza huko atahitaji cheti chake kilinganishwe na Baraza la Mitihani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA) na ubalozi mdogo wetu Dubai wanaijua mikataba hii. Tunashauri anayeaga kwenda kazini apewe karatasi moja tu, kwa Kiswahili, yenye kiwango cha mshahara cha kudhamini familia upande mmoja na mfano wa ada upande wa pili.

Jambo la mwisho ni kalenda. Shule nyingi za Dubai hufungua mwaka mwishoni mwa Agosti au Septemba, lakini zile nafuu za mtaala wa India huanza Aprili. Anayetaka nafasi humo anahitaji fedha kati ya Januari na Machi. Miezi hiyo mpunga wa wengi wetu bado uko majini, na ghalani kimebaki chakula cha nyumbani.