Jeni Si Jini

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi leo nauliza: hawa wanaosema ati hawataki chakula chenye jeni, wao hula nini? Sukuma wiki ina jeni. Maharagwe yana jeni. Githeri yetu ya shule imejaa jeni tele!

Oktoba 2022 serikali ilitangaza kuondoa marufuku ya mwaka 2012 juu ya vyakula vilivyobadilishwa kijeni, na kesi zikafuata mahakamani. Tangu hapo ubishi hauishi, hata bwenini. Mmoja hudai tutaota pembe, mwingine huapa kuwa njaa itakwisha kesho. Kwa maoni yangu, wote wawili wameruka somo la kwanza la bayolojia, yaani seli.

Hebu tuitazame. Seli ya mmea ni kama boma lenye vyumba vingi. DNA yake nyingi imefungiwa katika kiini. Ukuta wake ni wa selulosi, na kwenye majani kuna kloroplasti zinazonasa mwanga wa jua. Seli ya bakteria ni ndogo zaidi, nayo ni chumba kimoja tu. Haina kiini wala kloroplasti. Ukuta inao, lakini si wa selulosi. DNA yake huwa mara nyingi kama pete, na kando yake bakteria wengi wana vijipete vidogo viitwavyo plasmidi, ambavyo huweza kupeana.

Bakteria wengine huokota DNA iliyo nje wakaitumia. Frederick Griffith aliona matokeo ya jambo hilo mwaka 1928, alipochanganya bakteria wa nimonia waliokufa na walio hai. Kwa mmea kazi ni ngumu: sharti DNA ivuke ukuta, kisha ifike kwenye kiini. Lakini yuko mjanja mmoja wa udongoni aitwaye Agrobacterium. Hupitia jeraha la mmea, akapenyeza kipande cha plasmidi yake hadi kwenye kiini, na mmea ukaota uvimbe. Wanasayansi walitoa jeni za uvimbe, wakatia walizotaka, na kufikia 1983 walikuwa wamepata tumbaku ya namna hiyo.

Utasema huko ni kuingilia maumbile? Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba viazi vitamu tunavyolima vina jeni za Agrobacterium, zilizoingia zenyewe zamani za kale. Nyanya zetu wamevila na chai miaka yote, na pembe hatujaziona!

Sisemi tufumbe macho. Yapo maswali ya maana. Jeni gani imetiwa, nayo imepimwaje? Pamba ya Bt, iliyoruhusiwa kwa wakulima wetu Desemba 2019, ina jeni ya bakteria inayoua viwavi. Je, viwavi wakiizoea? Mbegu ni mali ya nani? Mkulima ataweza kuweka akiba apande msimu ujao? Hayo ndiyo ya kumwuliza mbunge, si habari za pembe.

Ombi langu ni kwamba chama chetu na kile cha sayansi tufanye mdahalo, tena kwa Kiswahili sanifu. Kabla ya siku hiyo kila mtu atazame ngozi ya kitunguu kwa darubini, akione kiini kwa macho yake. Darubini iko maabara, vitunguu viko jikoni. Tuanzie hapo.