Wasomaji Wapo, Vitabu Ndivyo Havifiki

Uzinduzi wa kitabu, uwe Dar es Salaam au Nairobi, ni nadra kwisha bila mtu kusimama na kusema kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Ukumbi hucheka. Waandishi wenyewe hupiga makofi. Hilo ni tusi, tena la uongo, na wanaonufaika nalo ni wale waliopaswa kuvifikisha vitabu kwa watu.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Hakuna mwalimu aliyemshikia mtu fimbo azisome riwaya hizo; watu waliazimana wenyewe, nakala moja ikizunguka mtaa mzima hadi jalada likabanduka. Miaka hiyohiyo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili kati ya kila watatu nchini Tanzania hawakujua kusoma. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Vijijini zikafunguliwa maktaba, na Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake, Elimu Haina Mwisho. Watu walisoma kwa sababu walipewa cha kusoma. Uchumi ulipoyumba, karatasi ikawa adimu, na rafu za maktaba hizo zikabaki na vumbi.

Kisha lawama ikaangushiwa msomaji!

Na huyo msomaji hajaenda popote. Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti karibu na kituo cha daladala: watu wamejipanga, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele mpaka herufi ndogo za chini. Jioni wapo kwenye simu, wanafuatilia hadithi za mfululizo. Mtunzi anakata pale panaponoga, nao wanamtumia pesa kwa simu wapate sehemu inayofuata. Mvivu wa kusoma halipii sehemu ya ishirini.

Ni kweli shule zimewafanya wengi waone kitabu ni mtihani, na mtihani ukiisha kitabu kinafungwa. Lakini hata aliyetoka shuleni na kiu yake atanunua wapi, na kwa bei gani? Mwaka 2013 Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu. Katika miji mingi midogo ya Tanzania, duka linaloitwa la vitabu huuza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada tu.

Na wakati mwingine kitabu chenyewe hakipo kwa Kiswahili. Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake Paradise, kwa Kiingereza, mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Kwa miaka 28 msomaji wa Kiswahili, ambaye pwani yake ndiyo inayosimuliwa humo, hakuwa na nakala ya kufungua kwa lugha yake.