Mke wa Luanda Magere na Shahidi Asiyekuwapo



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulijaaliwa kuhudhuria harusi mjini Kisumu. Bwana harusi ni kijana wa ukoo wenye asili ya pwani, ambao wazee wake walifuata reli hadi ziwani wakaweka makazi huko. Bibi harusi ni binti wa Kinandi, aliyesilimu miaka miwili kabla ya nikaha. Alipoingizwa ukumbini kwa vigelegele, mama mmoja wa makamo alimwegemea jirani yake akasema, wala si kwa sauti ya chini: "Haya, tumeletewa mke wa Luanda Magere." Waliokuwa karibu walicheka. Bibi harusi, ambaye Kiswahili anakielewa na hadithi hiyo anaijua, aliinamisha uso. Nasi tulinyamaza.

Ukimya wetu huo ndio uliotushikisha kalamu wiki hii.

Kwa msomaji wa pwani asiyeijua hadithi, Luanda Magere ni shujaa wa masimulizi ya Waluo wa Kano, nyanda zilizo mashariki ya Kisumu, chini ya milima ya Nandi. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa wa jiwe; mishale na mikuki haikumwingia, na kila alipoingia vitani Wanandi walishindwa. Basi wakashauriana, wakamletea binti yao mzuri awe mke, ati kwa ajili ya amani. Wazee wa Kano walimwonya asimpokee, yeye akampokea. Siku moja akaugua, na mke mkubwa hakuwapo. Akamwambia mke mdogo amchanje chale, si mwilini bali kivulini mwake, ampake dawa hapo. Binti alipochanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akatorokea kwao na siri hiyo. Vita vilipozuka tena, mkuki ukachomwa kivulini, shujaa akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo lingali likionyeshwa Kano hadi leo, na inasemekana wawindaji walikuwa wakinolea silaha zao hapo.

Mume ana jina, ana ukoo, ana jiwe. Mke, katika masimulizi mengi, hana hata jina. Alichobakiwa nacho ni usaliti tu.

Ngano ni ngano, nasi hatutaki kuifanya kesi ya mahakamani. Lakini maadamu inatumika kumhukumu binti aliye hai, ina haki ya kuulizwa maswali. Chumbani walikuwamo watu wawili: mmoja alikufa, mwingine akakimbia. Ni nani basi aliyewasimulia watu wa Kano yaliyotendeka humo? Tena, binti huyo alijichagulia ndoa ile? Hadithi yenyewe inakiri kwamba waliokata shauri ni wanaume wa kwao. Yeye alitolewa kama zawadi. Na siri ya kivuli ilitoka kinywani mwa nani, ikiwa si kwa mwenyewe, aliyekwisha kuonywa na wazee wake? Katika mambo yote haya walihusika watu wengi, lakini lawama ikatua juu ya bega la mmoja, aliyekuwa mgeni na asiyekuwa na wa kumsemea.

Dini yetu imelikataza jambo hili kwa ukali ambao mara nyingi tunausahau. Bibi Aisha (r.a.) aliachwa nyuma na msafara walipokuwa wakirejea kutoka vita vya Banu Mustaliq, kwa kuwa alikwenda kuutafuta mkufu wake uliopotea. Maneno yalienea Madina kwa muda wa mwezi mzima. Kisha zikateremka Aya za Suratun Nur zilizomtakasa, na katika sura hiyo hiyo ikawekwa hukumu kwamba anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi zinaa, bila kuleta mashahidi 4, apigwe mijeledi 80, wala ushahidi wake usikubaliwe tena. Wala hawakulaumiwa wazushi peke yao. Walilaumiwa pia waumini waliosikia wasidhaniane mema, wasiseme papo hapo kwamba huo ni uzushi ulio wazi. Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), ambaye alikuwa mke mwenza na angeweza kunufaika, alipoulizwa alisema hajui kwa Aisha ila kheri. Huo ndio mfano wetu sisi wanawake.

Tena kuna Bibi Safiyya (r.a.), ambaye kisa chake kinalingana zaidi na cha bibi harusi wetu. Alikuwa binti wa Huyayy, mkuu wa Banu Nadhir, akaolewa na Mtume (s.a.w.) katika mwaka wa 7 wa Hijra, baada ya vita vya Khaybar. Alisilimu, naye bado alikuwa akitajiwa Uyahudi wa baba yake kama aibu, hata akalia. Mtume (s.a.w.) hakumwambia avumilie tu. Alimfundisha jibu: kwamba yeye anatokana na Nabii Harun, ami yake ni Nabii Musa, na mumewe ni Muhammad, basi wanamzidi kwa nini? Asili aliyosimangwa nayo, Mtume aliifanya taji.

Sisi wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwani nasi tunaye nyanya aliyepakwa matope. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwahimiza watu wake mwaka 1913 wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Watawala walimwita mchawi. Walimkamata yeye pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, milimani kusini ya Kisumu, wakidhani umbali utawanyamazisha. Mapema mwaka 1914 walitoroka, wakarudi pwani, safari ya mamia ya kilomita. Mwanamke aliyeandikwa kuwa mchawi leo amesimamishiwa sanamu Malindi. Laiti tungeyasadiki maneno ya waliomfunga, tungekuwa tumempoteza.

Msiseme kwamba utani wa harusini ni jambo dogo. Kisumu ni miongoni mwa miji iliyoungua katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na siku zile mke wa kabila jingine aligeuka mtuhumiwa ndani ya nyumba aliyozalia watoto. Tuhuma za namna hiyo hazizuki kwa siku moja. Hulelewa kidogo kidogo, kwa kicheko ukumbini, kwa neno la jikoni, kwa wifi anayenyamaza ghafla mgeni anapoingia. Kisha mume akifariki, mjane huulizwa alimlisha nini.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi akina mama, tunapowasimulia watoto habari za wanawake wa kale, tuwaulize pia: ni nani aliyeisimulia, na alikuwapo? Na katika nyumba zetu, mkwe aliyetoka mbali aitwe kwa jina lake, wala asiitwe kwa jina la kabila lake. Anayemsema vibaya ajibiwe pale pale, mbele ya wale wale waliocheka.

Nasi siku ile tulinyamaza. Tumempigia simu bibi harusi tukamwomba radhi. Akatwambia kwamba amekwisha kusamehe, ila angependa lingesemwa neno ukumbini. Amesema kweli.

Allah atuhifadhie ndimi zetu, na azihifadhi heshima za mabinti zetu, wa karibu na wa mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.