Mashine ikisema benki itaanguka, iseme pia kwa nini

Juzi apu ya mkopo ilininyima Sh2,000. Ujumbe ulikuwa mfupi: samahani, hujafuzu kwa sasa. Nikapiga simu kuuliza sababu, dada wa huduma akaniambia, "Ni sistimu imekataa." Basi. Nikakopa kwa jirani, maisha yakaendelea.

Sasa hebu fikiria jibu la aina hiyo likitolewa kuhusu benki nzima, ile unayowekea akiba. Wataalamu wa ujifunzaji wa mashine wanaunda modeli za kutabiri ni benki ipi iko karibu kuporomoka. Wanailisha hesabu za miaka mingi: mtaji, faida, mikopo isiyolipwa, pesa taslimu zilizopo. Mwishowe inakutupia namba: hatari asilimia 80. Ukiuliza imefikaje hapo, kimya.

Usidanganywe na sifa za usahihi, maanake hesabu yake ni rahisi hata kwangu niliyeacha chuo. Chukua benki 40, moja ianguke mwaka huu. Mashine iliyokaa tu ikisema "hakuna itakayoanguka" imepatia asilimia 97.5. Na haijasaidia mtu.

Hapa Kenya hizi si stori za vitabuni. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 tulipoteza Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, moja baada ya nyingine. Ya Imperial ndiyo huninyima usingizi. Kwenye karatasi ilipendeza, na mwaka huo huo iliuzia wawekezaji hatifungani ya Sh2 bilioni. Mkurugenzi wake mkuu alipofariki Septemba, ndipo bodi ikapeleka taarifa Benki Kuu, na ikabainika kuwa mikopo ya mabilioni ilikuwa imefichwa. Oktoba 13 milango ikafungwa.

Modeli ingelishwa hesabu zile ingesema nini? Ingesema benki iko shwari. Uongo ukiingia, uongo hutoka.

Lakini tuseme ingelazimika kujieleza. Kuna mbinu moja inayotokana na kazi ya Lloyd Shapley, mwanahisabati Mmarekani, ambaye mwaka 1953 alionyesha namna ya kugawa faida kwa washirika kulingana na mchango wa kila mmoja. Siku hizi mgawo huo hufanyiwa takwimu: hii imesukuma hatari juu kiasi hiki, ile imeishusha kiasi kile. Kwa hivyo mashine ingesema, "Nimeiona salama hasa kwa sababu mikopo mibovu ni michache na faida inapanda." Mkaguzi mwenye uzoefu akisoma hapo si atashtuka? Mikopo inaongezeka na wasiolipa hawaongezeki? Leteni faili tuzione. Maelezo hayangefichua wizi yenyewe, ila yangemwonyesha mtu pa kuanza kuchimba.

Kuna hatari nyingine upande wa pili. Chase Bank ilipopata msukosuko Aprili 2016, uvumi ulienea mitandaoni na wateja wakakimbilia pesa zao. Namba isiyo na sababu ikivuja leo, itafanya kazi ya uvumi huo, tena ikiwa imevalia suti. Benki nzima inaweza kuangushwa na utabiri ambao hakuna anayeweza kuupinga, kwa kuwa hakuna anayejua umejengwa juu ya nini.

Ndiyo maana nasema Benki Kuu isikubali modeli yoyote ya kupima benki zetu isiyoweza kutoa sababu zake kwa lugha ambayo mkaguzi anaielewa na benki yenyewe inaweza kujibu. Hata kama ile ya siri inapatia kidogo zaidi.

Anayelipia kosa si mashine. Tangu 2020 shirika la KDIC humkinga mteja hadi Sh500,000. Awali ilikuwa Sh100,000. Kama chama chenu kimeweka milioni mbili za kununua ploti, piga hesabu mwenyewe ni ngapi zitabaki zikingoja.