Koni ya Demio: tunanunua hewa au kelele?

Leo naandika kitu ambacho kitaniweka pabaya na maboyz wangu wa Demio, lakini wacha nikiseme. Zile koni za hewa tunazofunga kwa magari madogo hapa Malindi, nyingi ni kelele tu. Na siongei kwa wivu. Nimeifunga, nimeringa nayo miezi minne, nimeifungua kwa mikono yangu.

Gari yenyewe si yangu. Ni Demio ya mamangu, ya 2010, injini ya 1.3. Anatoa maembe upande wa Marafa kuleta soko la mjini, mimi ndiye dereva. Pesa yangu ya kwanza ya kutengeneza video niliipeleka wapi? Kwa koni. 6,500 kwa duka moja la mtandaoni, 1,000 ya kufungiwa. Muuzaji alisema ati itaongeza farasi 15 na kupunguza mafuta. Sasa hiyo Demio kutoka kiwandani ina farasi 91. Bomba na filta, bila turbo, ziongeze 15? Nilikuwa nataka kuamini, basi nikaamini.

Siku ya kwanza nilikanyaga pale Lamu Road, sauti ikatoka vuuuu, watu wa tuktuk wakageuka. Nakiri, mwili ulisisimka. Nikaona niko Suzuka.

Halafu nikanunua kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, kinasoma sensa za injini na kukuonyesha kwa simu. Hapo ndipo raha iliisha. Koni imekaa wazi ndani ya boneti, karibu na injini, kwa hivyo inavuta hewa ya moto. Nikiwa nimekwama karibu na soko saa saba mchana, hewa inayoingia ilikuwa inapita nyuzi 60. Nikarudisha boksi la kiwandani kwa siku moja kujaribu, njia ileile, saa ileile: arubaini na kitu. Na hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, kila nyuzi 10 unapoteza karibu asilimia 3 ya hewa yenyewe. Yaani nimelipa 7,500 kuinyima gari pumzi, kwa mji ambao kaskazi ikivuma hata kivulini unatoka jasho.

Kuhusu mafuta, maabara ya Oak Ridge kule Marekani ilipima jambo hili 2009. Kwa magari ya injeksheni, hata filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kompyuta ya gari inajipimia yenyewe, hewa ikipungua na petroli inapungua. Kilichobadilika ni mbio ukikanyaga mpaka chini. Kwa hivyo anayekuuzia filta kwa jina la kuokoa mafuta, mwache aongee.

Lakini joto na mafuta ningevumilia. Kilichonishinda ni vumbi.

Kila lita ya petroli inaenda na karibu lita 9,000 za hewa. Sasa fikiria hewa ya njia ya Marafa, ule udongo mwekundu unaokaa kwa nguo mpaka ufue mara mbili. Tulirudi Jumamosi moja, fundi wetu mzee akafungua bomba baada ya filta, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka chekundu. Akanionyesha bila kusema kitu, halafu: "Mwanangu, hii gari ya mama inakula mchanga." Mchanga ukishapita pale unaenda kusaga ringi na kuta za silinda. Injini ikianza kula oili, ni nani atabeba maembe? Sikulala vizuri siku hiyo.

Ukisema basi ufunge lile bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, kuvuta hewa baridi, hilo kweli linashinda koni fupi kwa joto. Ningekuwa mji mkavu wenye lami safi ningelijaribu. Lakini mnakumbuka mvua za mwisho wa 2023, barabara ya Kilifi ilivyokatika pale Mbogolo? Bomba lenye mdomo chini likikutana na maji ya barabarani linayanyonya, na maji hayabanwi kama hewa. Konrodi zinapinda, injini umezika. Boksi la kiwandani mdomo wake uko juu, na wale Wajapani hawakuuweka pale kwa bahati mbaya.

Kilichobaki ni filta bapa ya kuingia kwa boksi lilelile. Zile za pamba ya oili, kama K&N, unaosha na kutumia tena miaka, na kwa gari ya lami si mbaya. Ila ukiimwagia oili nyingi baada ya kuosha, inaenda kuchafua sensa ya hewa na taa ya injini inawaka. Kwa njia zetu mimi nimerudi kwa ya karatasi. Bei ya pizza moja, nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kitambaa cha mzee sasa kinatoka cheupe.

Mwenye turbo tusigombane, zile Subaru zinazoshuka Disemba zina hesabu yake. Na ukitaka kelele, sema unataka kelele, ni haki yako kama mziki. Mimi bado naikumbuka ile vuuuu, si uongo.

Koni iko kwa ndoo chini ya kitanda. Anayeitaka anipigie, bei tutaelewana, lakini nitamuuliza kwanza anapita njia gani.