STAA, ILE VIDEO YAKO NDIYO INAYOMTETEA FUNDI!

Gumzo la mjini wiki hizi mbili si ngoma mpya wala ndoa ya mtu kuvunjika. Ni turbo. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaenda laivu Instagram akiwa amesimama mbele ya Forester yake, bonneti inafuka moshi, anamwita fundi wake mwizi. Eti turbo mpya imefungwa Ijumaa, Jumapili inavuja oili, kwa hiyo fundi kala hela na kumfungia kimeo. Mashabiki wakafanya kazi yao. Namba ya fundi ikasambazwa, matusi yakafika mpaka kwa mama yake mzazi, na wateja watatu wakaja kuvuta magari yao hata kabla hayajamalizika.

Sasa irudieni hiyo video. Msiangalie cheni wala raba mpya. Angalieni moshi unatokea wapi. Unatokea kwenye lile tundu la juu ya bonneti. Kuna kipande staa mwenyewe anazunguka na simu mpaka nyuma ya gari, injini inaunguruma, na kwenye ekzosti hakuna hata uzi wa moshi.

Hicho kipande kilitosha kufunga kesi. Turbo ikivujisha oili kwa ndani, oili ina njia mbili tu. Ama inatokea upande wa hewa, inaingia intakula na kuchomwa na injini, ama inatokea upande wa moto na kuungulia ndani ya ekzosti. Kote kuwili moshi unakuja nyuma, wa bluu, na harufu yake huwezi kuikosea. Moshi wa bonneti ni habari nyingine. Hiyo ni oili inayodondokea vyuma vya moto kutokea nje, na kwenye Subaru za injini ya EJ turbo imekaa juu, upande wa kulia kwa nyuma, na chini yake kuna mpira mfupi unaorudisha oili kwenye silinda hedi. Mpira huo unaishi jirani na moto miaka yote. Unakauka, unakuwa mgumu kama plastiki. Ukiuchomoa na kuuvalisha turbo nyingine haushiki tena, hata ukaze klipu mpaka mkono uume. Turbo mpya, mpira wa zamani! Wizi wenyewe ndio huo.

Na meseji zipo, maana fundi alizionyesha alipochoka kutukanwa. Aliomba hela ya mpira, gasketi na washa mpya za shaba. Akajibiwa "turbo ndo imekufa, mpira wa nini? Nataka gari Ijumaa nina shuti." Mpira ambao haufiki hata bei ya chupa moja inayoletwa na vimulimuli kwenye meza za VIP kila wikiendi.

Staa akapeleka gari gereji ya wajanja, ile yenye vigae na kahawa ya bure. Ikanunuliwa turbo ya pili. Siku ya tatu moshi ukarudi palepale kwenye tundu. Mara hii hakukuwa na laivu. Turbo mbili, mafundi wawili, moshi uleule, na bado posti ya "mwizi" iko juu.

Tatizo wengi wanaomwaga povu hawajui turbo inazuiaje oili. Mtu akisikia sili anawaza raba. Hakuna raba mle. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, raba ingeyeyuka siku ya kwanza. Kuna ringi za chuma, ndugu zao na zile za pistoni, na zinafanya kazi kwa kutegemea mambo mawili: presha inayozisukuma kutoka upande wa hewa na upande wa moto, na oili kuondoka haraka. Kuingia, oili inasukumwa na pampu. Kutoka, inashuka kwa uzito wake tu. Ndiyo maana bomba la kuingiza ni jembamba na la kutolea ni pana, linateremka bila kona. Libane hilo la kutolea na turbo itajaa kama sinki lililoziba, oili ipite kwenye ringi, hata kama umeitoa kwenye boksi asubuhi hiyohiyo.

Hapa mafundi wa mjini nao wana vidonge vyao vya kumeza. Silikoni! Mtu anapaka silikoni kwenye kila kiungo kama siagi kwenye mkate. Ukikaza, inaminyika kuingia ndani, inabana tundu la oili, halafu mteja anaambiwa "turbo uliyoleta mbovu, tafuta nyingine." Pale panataka gasketi yake, kavu, basi.

Wengine injini yenyewe imeshaanza kupumua. Ringi za pistoni zimekwisha au vali ya kupumulia imeziba, gesi inajaa chini, na oili inayotaka kushuka kutoka kwenye turbo inakutana na upepo wa kuirudisha juu. Fungua kifuniko cha oili gari likiwa sailensa. Hewa kidogo ni kawaida. Ikifuka na kurusha kama birika, acha kulaumu turbo. Tazama pia kijiti cha oili kama haijazidi, na filta ya hewa, maana filta iliyojaa vumbi inaifanya turbo inyonye kwa nguvu na kuvuta oili yake yenyewe.

Na wale wa "mimi yangu ilitoa moshi nyuma siku ileile", je, intakula ilioshwa? Turbo ya zamani ikifa inaacha oili mle. Usipoimwaga, mpya itasingiziwa moshi wa marehemu.

Kutafuta ukweli kulihitaji muda mfupi kuliko ile laivu. Osha eneo lote, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, washa gari, angalia panapoanza kulowa. Panapoanza, siyo panapodondokea, maana oili inatambaa na feni inaitawanya. Kisha vua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo. Ukikuta oili imejaa huko kabla ya turbo, inatoka kwenye pumzi ya injini. Mwisho tikisa shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni kunaruhusiwa kwenye turbo za kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, hapo sawa, umeuziwa kimeo.

Hata turbo ya kwanza ilikufaje, hakuna aliyeuliza. Bolti la bomba la oili kwenye nyingi ya injini hizo lina kichujio kidogo ndani. Oili isipobadilishwa kwa wakati kinaziba, turbo inakufa kwa kiu. Kama hakijasafishwa, hata hiyo ya pili iko kwenye foleni.

Fundi naye ana kosa lake: alikubali kufunga bila mpira kwa sababu mteja ni staa. Angekataa, Ijumaa ingepita bila shuti na leo angekuwa na kazi. Sasa anashinda kwenye kijiwe cha kuosha magari, gereji kafunga.

Staa anao wafuasi wale wale na simu ile ile. Afute posti, arudi laivu akiwa ameshika ule mpira mkononi, na amtaje fundi kwa jina kama alivyomtaja siku ile. Bila kiki, bila wimbo mpya kwa nyuma.